Tamko la Vikundi vya Iguhu: Ruzuku za Chakula na Afya Zifike Kabla ya Mvua

Limetolewa na muungano wa vikundi vya wakulima, akina mama, vijana na wahudumu wa afya ya jamii wa Iguhu, eneo bunge la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega.

Kwa: Serikali ya Kaunti ya Kakamega, Bunge la Kaunti, wizara za Kilimo na Afya, wafadhili na mashirika yanayofanya kazi magharibi mwa Kenya, na wananchi wote wa Ikolomani.

Sisi wanachama wa vikundi vya kijamii vya Iguhu, tunaolima mashamba madogo kwenye miinuko na mabonde ya Mto Yala, tunaoweka akiba kwenye vyama vyetu, na tunaozunguka nyumba hadi nyumba kuangalia hali ya afya ya majirani zetu;

Tukitambua kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa, na haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kadiri inavyowezekana; na kwamba Kifungu cha 53 kinamhakikishia kila mtoto lishe ya msingi;

Tukizingatia kwamba Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti kazi za kilimo na huduma za afya za kaunti, na kwamba Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika mambo yote ya fedha za umma;

Tukijua kwamba pesa zinazotengewa vikundi kama vyetu, ziwe za serikali au za wafadhili, mara nyingi hufika wakati haziwezi tena kufanya kazi ziliyoombewa;

Tunatoa tamko hili ili msimamo wetu ujulikane wazi. Hatudai kwanza kuongezewa pesa. Tunadai kwamba ruzuku yoyote ya chakula na afya ifuate msimu wa mvua, ihudumie shamba na zahanati kwa pamoja, na itolewe mahesabu mbele ya watu inaowahusu.

1. Njaa ya hapa imejificha kwenye kijani

Mgeni anayefika Iguhu mwezi wa Mei haoni dalili ya njaa. Mahindi yamefika kifuani, migomba imesimama, na mto umejaa. Ukimwambia kwamba huo ndio mwezi mgumu kuliko yote, atadhani unamtania. Lakini kila mama wa huku kwetu Idakho anaujua ukweli wake: mahindi ya msimu uliopita yamekwisha, ya shambani hayajakomaa, na bei ya gorogoro, yaani kopo la kupimia mahindi, sokoni imepanda kwa sababu karibu kila nyumba inanunua. Kuanzia Aprili hadi mahindi mabichi yanapoanza kuchomwa, familia nyingi hupunguza milo au hupunguza kinachowekwa kwenye sahani. Ugali hubaki. Maharagwe, mayai na maziwa ndivyo vinavyotoweka.

Njaa ya namna hii haina picha ya kupeleka kwa wafadhili. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hufuatilia kaunti 23 kame na nusu kame, na Kakamega haimo. Hatuna kinyongo na ndugu zetu wa Turkana, Marsabit au Wajir. Wanastahili kila wanachopata, na zaidi. Tunachosema ni kwamba kipimo cha mvua peke yake hakitoshi kuonyesha nani ana njaa. Sisi tuna mvua, na bado tuna watoto waliodumaa. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu hauji kwa ukame wa mwaka mmoja. Huja kwa kukosa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu.

Sababu zake tunazikanyaga kila siku. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limekatwa likawa la wana, likakatwa tena likawa la wajukuu, na sasa nyumba nyingi hulima kipande kisichofika ekari moja. Udongo umechoka na umekuwa na asidi kwa kulimwa mahindi bila kupumzishwa. Magharibi mwa Kenya kuna gugu la kayongo, yaani striga, linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Tangu mwaka 2017 pia tuna viwavijeshi vamizi, wanaoweza kumaliza moyo wa mhindi ndani ya siku chache.

2. Bonde linalotulisha ndilo linalotuuguza

Kiangazi kinapokaza, shamba la juu hukauka na watu hushuka bondeni. Huko ndiko hupatikana mrenda, mnavu, kunde na nduma za miezi ya dhiki. Lakini bonde hilo hilo ndilo makazi ya mbu. Iguhu inajulikana na wataalamu wa malaria duniani kwa sababu watafiti wamekuwa wakija hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utafiti ulioongozwa na Andrew Githeko wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watu wanaoishi chini bondeni huambukizwa malaria zaidi kuliko wanaoishi juu ya kilima, ingawa umbali kati yao ni mwendo wa miguu tu. Watafiti wameeleza pia kwamba kinamasi chenye mafunjo kikifyekwa na kulimwa, maji yaliyokuwa kivulini hupigwa na jua, na hapo ndipo mbu wa malaria hupenda kutaga.

Utafiti wa Viashiria vya Malaria wa mwaka 2020 ulikuta maambukizi ya asilimia 19 katika eneo la Ziwa, tunakohesabiwa sisi, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Kaunti ya Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti nane za magharibi zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza Septemba 2019. Tunashukuru kwa hilo. Lakini chanjo haimwondolei mama haja ya kulima bondeni, wala haimwongezei mtoto damu iliyopungua kwa homa na kwa kukosa mboga.

Msomaji aweke miezi hii kichwani. Visa vya malaria hupanda baada ya mvua za masika, kati ya Mei na Julai. Njaa nayo hubana kuanzia Aprili hadi Juni. Mtoto wa Iguhu hukutana na mambo yote mawili kwa wakati mmoja, akiwa na damu pungufu na tumbo nusu tupu. Hakuna mtu anayeishi hapa anayeweza kutenganisha suala la chakula na suala la afya. Wanaotenganisha ni wanaotoa pesa.

Tunatoa mfano mmoja. Mhudumu wa afya ya jamii akifika kwenye boma, huzungusha utepe wa rangi wa kupimia lishe kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Ukisoma kijani, yaani sentimita 12.5 na zaidi, mama hupongezwa. Ukisoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5, mtoto hupelekwa hospitalini bila kuchelewa. Shida iko kwenye rangi ya njano iliyo katikati. Mtoto wa njano hajafikia hatua ya kulazwa, lakini yuko njiani. Mhudumu humshauri mama ampe mtoto mayai, mboga za majani na uji wa wimbi uliotiwa njugu. Mama huitikia kwa kichwa. Hana.

Na hatua chache kutoka boma hilo, huenda kuna kikundi chenye vitalu vya mnavu na kuku wanaotaga, lakini ruzuku yake ni ya "biashara ya kilimo" na masharti yake yanataka mazao yapelekwe sokoni. Ruzuku ya mhudumu, ikiwepo, ni ya "uhamasishaji". Hakuna fomu inayoruhusu yai la kikundi limfikie mtoto wa njano. Pengo hilo ndilo tunalotaka lizibwe.

3. Kalenda ya pesa na kalenda ya mvua

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Mvua zetu haziufuati. Mashamba hutayarishwa kuanzia Desemba hadi Februari, mahindi na maharagwe hupandwa mvua za masika zinapoanza, kati ya mwisho wa Februari na Machi, na mavuno huanza Julai na Agosti. Mara tu mahindi yakitoka, shamba hutayarishwa kwa ajili ya vuli. Anayetaka kuzuia njaa ya Mei lazima awe amefanya kazi yake kabla ya Machi.

Msimamizi wa Bajeti amekuwa akieleza katika ripoti zake, mwaka baada ya mwaka, jinsi mgao wa kaunti unavyochelewa kutoka Hazina ya Kitaifa. Ucheleweshaji huo ukishuka hadi wadi, pesa za maendeleo huishia kutolewa kwa pupa robo ya mwisho ya mwaka ili zisirudi. Kikundi kilichoomba mbegu na mbolea ya masika hupata pesa Juni, mahindi ya jirani yakiwa yanachanua. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kikundi hicho kina njia mbili tu: kununua mbolea na kuiweka stoo hadi msimu mwingine, au kubadilisha matumizi na baadaye kuandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi kwamba kilikiuka masharti.

Kwa viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hasara ni kubwa zaidi. Mbegu yake haikai dukani ndani ya pakiti. Ni kipande cha shina cha sentimita 30 hivi, kinachokatwa kitaluni, kufungwa mafungu na kupandwa ndani ya siku chache kabla hakijanyauka. Kiangazi cha Desemba hadi Februari huua miche isiyomwagiliwa. Ili vikundi viwe na miche ya kugawa Machi, lazima mwishoni mwa mwaka viwe na kitalu karibu na maji, ua wa kuzuia mbuzi na mtu wa kumwagilia. Pesa ya kitalu ikifika Juni haikuti miche, na msimu mzima umepita.

Wafadhili wa nje nao wana kalenda yao. Kuna wanaotangaza nafasi kwa wiki tatu, wakataka mradi uanze na kwisha ndani ya miezi kumi na miwili, na katika hiyo, miezi miwili ya mwanzo iishie kwenye mafunzo hotelini mjini. Udongo wenye asidi haurekebishwi kwa miezi kumi na miwili. Mtoto naye hujengwa kwa siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili.

4. Yaliyokwisha kuthibitika

Hatuombi pesa za kubahatisha. Yapo mambo yaliyojaribiwa hapa magharibi yakafaa, na mengi yameanzia kwetu.

Mbinu ya vuta sukuma, iliyobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pamoja na watafiti wa Kenya na wa Rothamsted ya Uingereza katika miaka ya 1990, hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya tembo pembeni. Desmodiamu hufukuza nondo wa bungua, hukandamiza kayongo na kurutubisha udongo. Majani ya pembeni huwavuta nondo watoke kwenye mahindi, na mimea yote miwili hulisha ng'ombe. Kwa shamba la nusu ekari, ni dawa, mbolea na malisho kwa pamoja.

Katika kaunti jirani za Bungoma na Busia, mradi wa Mama SASHA ulioendeshwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi pamoja na washirika wake kati ya mwaka 2010 na 2014 uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki vocha za kuchukulia miche ya viazi lishe. Kliniki ilimleta mama kwenye miche, na miche ikampa sababu ya kurudi kliniki. Mwaka 2016 watafiti wanne walipata Tuzo ya Chakula Duniani, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyo na mmoja kwa kazi ya kuongeza virutubisho katika mazao. Aina moja iliyosambazwa nchini Uganda hata ina jina la Kakamega.

Mboga zetu za kienyeji, zilizoitwa chakula cha maskini kwa miaka mingi, zilirudishiwa heshima na utafiti wa wasomi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyeonyesha jinsi mnavu, saga, mrenda na kunde zilivyo na madini na vitamini. Profesa Ruth Oniang'o, aliyeanzisha shirika la Rural Outreach linalofanya kazi na wakulima wadogo wa magharibi, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Chakula ya Afrika mwaka 2017. Hawa ni wataalamu walioanza kwa kusikiliza wakulima.

Serikali ya Kaunti nayo imewahi kuonyesha kwamba pesa kidogo, ikitolewa kwa wakati wake, hubadilisha mwenendo. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ulioanza mwaka 2013 na ambao wananchi waliuita Oparanya Care, uliwapa akina mama wahitaji pesa kwa awamu walipohudhuria kliniki, walipojifungulia hospitalini na walipokamilisha chanjo. Awamu zile zilifuata hatua za ujauzito na ukuaji wa mtoto. Kilichowezekana kwa ujauzito kinawezekana kwa mvua.

Vilevile, Kakamega ilikuwa ndani ya Mradi wa Kilimo Kinachostahimili Tabianchi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulipeleka ruzuku kwa vikundi vya wakulima kupitia kamati za wadi. Kwa hivyo njia ya kufikisha pesa hadi kikundini ipo. Tunachotaka ni kuinyoosha, si kuanza upya.

5. Wakati huu hautusubiri

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Huduma nyingi za afya magharibi mwa Kenya zilikuwa zimeegemea pesa hizo. Funzo tulilopata ni kwamba huduma iliyojengwa juu ya mkataba wa ng'ambo inaweza kuzimwa kwa sahihi moja. Kikundi chenye kitalu, akiba na wanachama wanaojuana hakizimwi hivyo.

Wafadhili wakubwa waliahidi mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul kuhusu misaada ya kibinadamu, kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya pesa za misaada hiyo ingepelekwa moja kwa moja kadiri iwezekanavyo kwa mashirika ya wenyeji. Ahadi hiyo haikutimizwa. Serikali za Afrika ziliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 kwa afya. Hatukosi ahadi. Tunakosa utekelezaji.

Majirani wametangulia. Nchini Tanzania, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Uganda ilizindua mwaka 2022 mpango wa maendeleo wa parokia unaopeleka shilingi milioni 100 za nchi hiyo kwa kila parokia kwa mwaka. Mipango hiyo ina kasoro zake, na ule wa Tanzania uliwahi kusimamishwa mwaka 2023 ili urekebishwe. Lakini mwanakikundi wa kule anajua kiasi kilichotengwa na anajua pa kukidai. Sisi hubahatisha.

6. Tunayoyadai

Kwa hayo yote, tunadai yafuatayo:

Kwanza, ruzuku zote za chakula na lishe zinazohusu msimu wa masika ziwe zimefika kwenye akaunti za vikundi kabla ya 30 Novemba, na zile za vuli kabla ya 31 Julai. Kutoka 1 Julai hadi mwisho wa Novemba kuna miezi mitano. Inatosha kutangaza, kuchambua na kulipa.

Pili, kaunti iweke katika Mpango wake wa Maendeleo wa Mwaka, unaowasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, fungu moja la pamoja la chakula na afya ya jamii, likisimamiwa na idara za kilimo na afya kwa pamoja. Masharti yake yaruhusu sehemu ya mazao ya kikundi iende kwa wajawazito na kwa watoto ambao utepe umesoma njano.

Tatu, ruzuku zidumu kwa misimu sita, yaani miaka mitatu, zikilipwa kwa awamu. Awamu inayofuata itegemee kazi iliyoonekana shambani, si unene wa ripoti.

Nne, fomu za maombi ziwe za Kiswahili, zisizozidi kurasa tatu, zinazoweza kupelekwa kwa karatasi katika ofisi ya wadi. Kikundi kitakachokataliwa kipewe sababu kwa maandishi.

Tano, hati ya shamba isiwe sharti. Wanaolima hapa wengi ni wanawake, na hati nyingi ziko kwa majina ya wanaume, wengine wao walikufa zamani. Barua ya mzee wa mtaa na makubaliano ya familia yatosheleze. Mchango wa kikundi uhesabiwe kwa kazi ya mikono pia, si kwa pesa taslimu pekee.

Sita, ruzuku igharamie mambo madogo yanayokwamisha kazi: nauli ya mhudumu wa afya, mizani, daftari, ada za benki na kuhuisha usajili wa kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022.

Saba, mradi wowote wa kulima bondeni uje na mpango wa kuzuia malaria na kulinda kingo za mto, usifyeke mafunjo yaliyobaki. Na kwa kuwa Ikolomani ni eneo la dhahabu, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki, maji na udongo wa mabonde yanayolimwa chakula vipimwe na matokeo yasomwe barazani.

Nane, orodha ya vikundi vilivyopewa pesa, kiasi na kazi iliyokusudiwa ibandikwe kwenye ofisi ya chifu, hospitalini na sokoni. Kulipwa kwa siri ndiko kunakozaa vikundi vya mkoba, vyenye mihuri na visivyo na wanachama.

Tisa, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Chuo cha Kilimo cha Bukura na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kakamega vishirikishwe kutoa ushauri na kufuatilia matokeo, na matokeo hayo yarudi kwetu kwa lugha tunayoielewa.

7. Tunayoyaahidi

Haki huenda na wajibu. Vikundi wanachama vya muungano huu vimekubaliana kama ifuatavyo.

Pesa za kila kikundi zitawekwa benki, na zile za matumizi ya kila wiki zitakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo zitakuwa kwa wanachama watatu wasio wa ukoo mmoja, na sanduku halitafunguliwa isipokuwa mkutanoni. Mapato na matumizi yatasomwa kwa sauti, na mwanachama yeyote atakuwa na haki ya kuomba risiti.

Kila msimu, baada ya mavuno, kila kikundi kitasoma hesabu zake mbele ya baraza la wananchi, si mbele ya afisa wa mfadhili peke yake. Kitaeleza kilichopandwa, kilichovunwa, kilicholiwa nyumbani, kilichouzwa, na watoto wangapi walitoka njano wakarudi kijani. Taarifa za mtoto mmoja mmoja zitabaki siri kati ya mhudumu na mzazi.

Kila anayepokea miche, mbegu au kuku atawapa majirani wawili kiasi kile kile ndani ya misimu miwili.

Hatutamlipa wakala yeyote ili atujazie fomu au "atusukumie" maombi. Mwanachama atakayedaiwa kitu kidogo atalileta jambo hilo mkutanoni na kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kiongozi wa kikundi hatakiuzia kikundi bidhaa, wala jamaa yake.

8. Wito wetu

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kakamega na Bunge la Kaunti: tunaomba kikao cha wazi Iguhu kabla ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ujao kupelekwa bungeni, ili madai haya yajibiwe moja baada ya jingine. Jibu la "haiwezekani" tutalipokea, mradi liwe na sababu.

Kwa wafadhili: njooni mtembelee Mei, msije Septemba ghala likiwa limejaa. Muulize bei ya gorogoro, kisha mfungue daftari la mhudumu wa afya. Mkishaona, pangeni bajeti yenu kuanzia Novemba.

Kwa wataalamu wa kilimo na wa afya walioko wadi zetu: kaeni kikao kimoja kila mwezi. Hilo halihitaji ruzuku.

Kwa vikundi vya Ikolomani nzima, hasa vya vijana na vya watu wenye ulemavu ambavyo bado havijasajiliwa: jisajilini sasa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria kwa kawaida inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba yenu na kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha kikundi. Msingoje tangazo la pesa ndipo mtafute wanachama.

Kwa wananchi wenzetu: orodha zikibandikwa, zisomeni. Ukiona jina la kikundi usichokijua katika kijiji chako, uliza barazani ni cha nani na kinakutana wapi. Pesa hizo zimetolewa kwa ajili ya mtoto wako, na mlinzi wake wa kwanza ni wewe.

Limetolewa Iguhu, Kaunti ya Kakamega, na Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa niaba ya vikundi wanachama.